Elfu Mbili Kasoro Moja

Jalada lilifika maktaba Jumatatu asubuhi, limefungwa uzi wa kijani, na juu yake mtu kaandika kwa kalamu nyekundu namba tatu: 8, 10, 6. Chini ya namba hizo palikuwa na swali moja: "Ipi ya kweli?" Mwandiko niliujua. Ni wa katibu wa kamati ya kupandisha vyeo katika taasisi moja ya elimu ya juu ya hapa Zanzibar, na kwa kuwa kisa hiki kina lawama ndani yake, taasisi yenyewe sitaitaja. Mimi ni mkutubi. Zamani kazi yangu ilikuwa kutunza vitabu. Siku hizi, kila msimu wa vyeo ukiwadia, naletewa majalada nithibitishe kuwa makala anazodai mtu ni zake kweli, na kuwa majarida yaliyozitoa si yale ya kulipa leo ukachapishwa kesho.

Mwenye jalada ni mhadhiri wa fizikia, mwanamke, mzaliwa wa Micheweni, Pemba. Aliomba apande kuwa mhadhiri mwandamizi. Utafiti wake ni wa nyota. Ameniruhusu nikisimulie kisa chake kwa sharti la kumficha, kwa hivyo jina halimo na baadhi ya alama za kumtambua nimezigeuza.

Nianze na zile namba tatu, maana ndizo zilizoleta mtafaruku. Zote ni za kipimo kimoja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, alipendekeza njia ya kumpima mtafiti kwa namba moja tu, ikaitwa h. Unazipanga makala zake kuanzia iliyonukuliwa zaidi na wenzake hadi iliyonukuliwa kidogo, kisha unashuka nazo ukihesabu mistari: moja, mbili, tatu. Ukifika mstari ambao nukuu zake ni chache kuliko namba ya mstari wenyewe, unasimama. Namba ya mstari uliotangulia ndiyo h. Mwenye h ya 8 ana makala 8 ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara 8. Ni hesabu anayoiweza mtoto wa skuli, na nadhani wepesi huo ndio ulioifanya ipendwe haraka hivyo duniani.

Sasa mtu mmoja atakuwaje na h tatu? Kwa sababu wanaohesabu ni watatu, na kila mmoja ana pishi lake. Google Scholar hukusanya kila kinachofanana na maandishi ya kitaalamu, zikiwemo tasnifu, taarifa za mikutano na rasimu, na hiyo ndiyo iliyompa 10. Scopus huhesabu yale tu yaliyomo katika majarida, taarifa za mikutano na vitabu ilivyovichagua, ikampa 6. Hazina ya makala za falaki ya NASA, ambayo watu wa fani hiyo huiita ADS na ambayo inaendeshwa na kituo cha Smithsonian huko Cambridge, Massachusetts, ikampa 8. Hakuna kati yao iliyosema uongo. Nilimjibu katibu kwamba kwa mtu wa nyota tuifuate ADS. Ndiyo hazina wanayoitumia wenyewe asubuhi na jioni, nayo ni ya bure, hata mwalimu wa Konde mwenye simu anaweza kuifungua.

Nikazipanga. Makala 12. Nukuu zake kutoka juu kwenda chini ni 1,640, 212, 58, 31, 17, 12, 9, 9, 6, 4, 1, na ya mwisho haijanukuliwa hata mara moja. Jumla 1,999. Mstari wa nane una 9, wa tisa una 6, basi h ni 8.

Kikao cha kwanza niliitwa nieleze. Kulikuwa na wajumbe saba, na feni ilikuwa ikipeperusha karatasi hadi tukazikandamiza kwa vikombe. Ile 1,999 ilikuwa imeandikwa juu kabisa ya wasifu wake, kwa herufi nene. Mwombaji mwengine wa msimu huo, bwana anayetafiti ukulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja, alikuwa na nukuu 140 za maisha yake yote. Mjumbe mmoja akasoma namba hizo mbili kwa mpigo, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mtoto wa Kipemba ni moto." Nikaona nyuso zimelegea na watu wako tayari kupitisha.

Halafu profesa mmoja, mtu makini ninayemheshimu, akauliza makala hiyo ya 1,640 ina waandishi wangapi. Nikaangalia: 911. "Na yeye ni wa ngapi?" Nikahesabu, wakanisubiri. Wa 604, kwa kufuata alfabeti. Chumba kilinyamaza kimya. "Basi hiyo itolewe." Ikatolewa. Ya pili je, hii ya 212? Waandishi sita, yeye wa nne, na kichwa chake kinasema ni maelezo ya programu ya kompyuta. "Programu si utafiti. Nayo itolewe." Zikabaki nukuu 147, na h ikashuka hadi 6. Mjumbe mwengine akatoa karatasi aliyoichapisha kutoka makala ya Hirsch mwenyewe, ambamo anakisia kwamba mwanafizikia anayestahili kupewa ajira ya kudumu na kuwa profesa mshiriki katika vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani huwa na h ya karibu 12. Mmoja ana 12, huyu ana 6. Ndani ya dakika ishirini yule aliyekuwa moto amekuwa jivu. Kura zikapigwa, nne kwa tatu, ombi likakataliwa. Wa mwani alipita bila ya mjadala, kwa kuwa makala zake nyingi jina lake ni la kwanza.

Nilitoka mle nimekerwa, na ilinichukua siku mbili kujua nilikerwa na nini hasa. Si kwamba alikataliwa, maana huenda angekataliwa kwa haki. Kilichonikera ni kwamba katika muda wote ule, kwa waombaji wote wawili, hakuna makala hata moja iliyofunguliwa. Zilikuwapo mezani, zimechapishwa, zimebanwa pini. Hata yule bwana wa mwani aliyepita hakusomwa. Alipita kwa pahala jina lake lilipokaa, kama vile huyu alivyoanguka kwa pahala jina lake lilipokaa.

Barua ilimpa siku thelathini za kukata rufaa. Siku ya nne akaja maktaba.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Umefika na boti ya leo?"

"Ya jana, Maalim. Sikupata usingizi nikaona nije mapema."

Nikaagiza chai ya viungo, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Nikamwonyesha mstari wa kwanza, ule wa 1,640, nikamwuliza alifanya nini mle. Hakuzunguka. "Maalim, ile si makala yangu. Zile ni zamu zangu." Akaeleza kwamba alipokuwa akisoma shahada ya uzamivu Afrika Kusini alikuwa mmoja wa mamia ya watu katika ushirikiano wa kimataifa, na kazi yake ilikuwa kukesha akikagua kama data zinazoingia ni safi au zimeharibika. Kama usiku arubaini hivi. Kanuni ya ushirikiano ni kwamba aliyekesha naye anaandikwa.

Na kanuni hiyo si ya hila. Fizikia ya nyota imefika pahala ambapo baadhi ya kazi hazifanyiki kwa mikono michache. Tarehe 17 Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilizogongana mbali sana zilitikisa vigunduzi vya mawimbi ya mvutano, na mara darubini za dunia nzima zikageuzwa kuelekea pale pale. Makala iliyosimulia tukio hilo ilitolewa kwa pamoja na vituo takriban 70, na ina waandishi zaidi ya 3,000. Ukimwuliza mmoja wao kama ni makala yake, jibu la haki ni lile la binti wa Micheweni.

Nikamwuliza sasa kwa nini 1,999 imewekwa juu ya wasifu kwa herufi nene. Akainama. Alishauriwa na wenzake kwamba kamati za siku hizi hutafuta namba kubwa, basi awape. Hapa nilimlaumu, na nilimwambia usoni kama ningemwambia mwanangu wa kumzaa. Mtu ukikaribisha wageni kwa mlango usio wako, wakigundua hawatakuamini tena hata kwenye chumba chako mwenyewe. Asilimia 82 ya nukuu zake zote zilitoka katika makala ile moja. Ilipoanguka, ikaanguka na ile ya 212 iliyokuwa imeegemea juu yake.

Kinachosikitisha ni kwamba kwa upande wa h makala ile kubwa haikumsaidia chochote cha kutajika. Ukiifuta, h yake inatoka 8 kuwa 7, basi. Ndivyo Hirsch alivyoiunda: makala moja ikinukuliwa mara 20 au mara 20,000, kwenye h ni mstari mmoja tu. Na Hirsch huyo huyo, katika makala ile ile aliyokuja nayo mjumbe, aliandika wazi kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya makadirio ya juu juu kuhusu mtu mwenye pande nyingi. Karatasi ya mjumbe ilikuwa na ile 12 ila haikuwa na maneno hayo.

Tukahamia ule mstari wa pili, wa 212, na hapa ndipo jalada lilipofunguka.

"Nieleze kama vile mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili," nikamwambia.

Akaigeuza barua ya kukataliwa upande usioandikwa, akaweka glasi ya chai katikati. Hilo jua. Akatoa punje ya karafuu kwenye kisahani, akaiweka pembeni mwa glasi. Hii dunia, na setilaiti yetu yenye darubini iko hapo hapo karibu yake. Kalamu akailaza mbali, kwenye ukingo wa meza: nyota. Nyota anazozitafiti ni jozi, nyota mbili zilizokaribiana mno, moja ikimnyonya mwenzake gesi, na gesi hiyo ikianguka hupata moto hadi ikatoa mionzi ya eksirei. Mwanga wao hupanda na kushuka kwa mpigo, kama mtu anayepumua. Ipo jozi inayojulikana sana kwa jina la 4U 1820-30, ambayo tangu mwaka 1987 imejulikana kuwa inazungukana kila baada ya sekunde 685. Dakika kumi na moja na ushei, mwaka mzima wa nyota hizo umekwisha.

"Sasa angalia, Maalim." Akaisogeza karafuu upande wa kalamu. Dunia ikiwa upande huu, mpigo unatufikia mapema. Akaizungusha karafuu pembeni mwa glasi hadi nyuma yake. Miezi sita baadaye dunia iko upande wa pili, mpigo ule ule unachelewa, maana una njia ndefu zaidi. Mwanga huchukua kama sekunde 500 kutoka jua kufika duniani. Kwa nyota iliyo usawa wa njia yetu, mapema na kuchelewa kukijumlishwa ni sekunde 1,000. Saa yako inayumba kwa sekunde 1,000, na unachokitafuta ni mpigo wa sekunde 685. Ni sawa na kuhesabu mapigo ya ngoma inayopigwa nchi kavu na wewe umo kwenye ngalawa, mara inakwenda, mara inarudi. Ngoma haijabadilika. Umebadilika wewe.

Ile programu ya waandishi sita husafisha data za namna hiyo, na sehemu aliyoiandika yeye ndiyo inayorudisha saa zote kwenye kituo kimoja, kitovu cha uzito wa mfumo wetu wa jua, kisha ikakagua kama saa ya setilaiti yenyewe imeteleza. Programu iko wazi kwa kila mtu, na kila mstari wake umewekewa jina la aliyeuandika na tarehe. Alipoondoka nilikaa nikapitia. Mistari inayokaribia nusu ina jina lake. Nyakati nyingi zilizoandikwa pale ni za saa nane na saa tisa za usiku.

Nikafanya jambo jengine ambalo ni kazi ya mkutubi kabisa, na sijui kwa nini sikulifanya kabla ya kikao. Katika zile makala 212 zinazoinukuu programu nilichukua 20 kwa bahati, nikazisoma pahala zinapoinukuu. Katika 14 watafiti walikuwa wameiendesha programu yenyewe juu ya data zao, na matokeo yao yanaitegemea. Nikachukua 20 nyingine zinazoinukuu ile kubwa ya 1,640. Karibu zote ziliitaja katika aya ya kwanza ya utangulizi, pamoja na nyingine tano sita, kama mtu anayetoa salamu mlangoni kabla ya kusema lililomleta.

ADS ina namna nyingine ya kuhesabu, nayo ni kuzigawa nukuu kwa idadi ya waandishi. Nilipoibonyeza, mpangilio wote ukapinduka mbele ya macho yangu. Makala ya 1,640 ikigawanywa kwa watu 911 haifiki hata 2. Ya 212 kwa watu sita inakuwa 35. Ile ya 58, ambayo ameiandika na wenzake watatu na jina lake ni la kwanza, inakuwa 14 na nusu. Yaani kamati ilianza kwa kushangilia kilicho chake kidogo kuliko vyote, ikaja ikatupa kilicho chake kuliko vyote, na ikahisi imekuwa makini.

Lile neno la "programu si utafiti" nililitafakari sana. Kwa mtu wa historia au wa fasihi naweza kulielewa. Katika falaki halina miguu. Makala ya Schlegel, Finkbeiner na Davis ya mwaka 1998 ni ramani ya vumbi lililotapakaa kati ya nyota, ili wengine wapate kujua mwanga kiasi gani umezuiliwa njiani. Imenukuliwa zaidi ya mara 10,000. Anayetengeneza wavu si mvuvi mdogo kuliko anayeutupa, na wavuvi wanalijua hilo kuliko sisi wa maofisini.

Na pahala jina linapokaa? Mwaka 1967 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Jocelyn Bell, alikuwa akipitia kwa macho takriban mita 30 za karatasi ya darubini ya redio kila siku. Akaona alama ndogo isiyofanana na kelele za kawaida, akaishikilia. Ilikuwa ni pulsa, nyota inayopiga kila sekunde 1.3, ya kwanza kujulikana. Makala ilitoka Februari 1968 ikiwa na waandishi watano. Jina la kwanza ni la msimamizi wake, Antony Hewish, yeye ni wa pili, na tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle. Kama kamati yetu ingekaa Cambridge mwaka huo na kanuni yake ya jina la kwanza, ingemwandikia barua kama ile ile iliyokuwa chini ya glasi yangu ya chai.

Alama ile, 4U, nayo ilinikalia. Nilimwuliza maana yake kabla hajaondoka, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. U ni Uhuru. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi, na Wamarekani wenye setilaiti wakaipa jina la siku hiyo kwa Kiswahili. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339, ndiyo maana ya 4U. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002. Kwa hivyo kila mtafiti wa Tokyo au wa Boston anayeandika jina la jozi hizo anaandika herufi ya kwanza ya neno letu, na binti aliyezaliwa Micheweni, ambako Malindi iko ng'ambo ya maji upande wa kaskazini, anakuja kuzitafiti jozi hizo hizo. Nilimwambia hilo aliandike kwenye rufaa. Alikataa. Alisema ni jambo la kusimulia kibarazani, si hoja. Alikuwa na haki, lakini hapa ni kibarazani.

Kuna jambo jengine la kibarazani. Alikuwa kidato cha pili, amekuja Unguja kukaa kwa khaloo yake Mwanakwerekwe, pale umeme ulipokatika kisiwa kizima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Sisi watu wazima tunaikumbuka kwa ndoo za maji na majenereta. Yeye anaikumbuka kwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Akipanda juu ya paa jioni, anakiona kimetulia juu ya mji, na khaloo yake akamfundisha ule usemi wa wakulima: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alitaka kujua kwa nini kizame. Hapo ndipo ilipoanzia.

Ile makala ya mwisho katika orodha, yenye sifuri, inahusu giza. Alikwenda Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa ncha ya kaskazini ya Pemba, pamoja na wanafunzi wa skuli mbili, wakapima kwa kifaa cha mkononi usiku baada ya usiku anga lilivyo jeusi. Ikatoka katika jarida dogo ambalo hazina nyingi hazilipokei. Alitaka aiondoe kwenye jalada. "Inanishusha, Maalim." Nikamwonyesha kwamba h haishuki kwa sifuri, makala isiyonukuliwa haiwezi kuipunguza hata chembe. Hakuwa akijua, na yeye ni mwanafizikia. Hapo ndipo nilipoona namba hizi zimewatia watu khofu kiasi gani. Ibaki, nikasema. Waliosoma makala ile ni walimu, nao hawaandiki makala za kuinukuu.

Rufaa tuliiandika kwa siku sita. Ile 1,999 ilifutwa. Pahala pake pakawekwa ukurasa mmoja na nusu: kila makala, sentensi mbili au tatu za alichofanya yeye hasa, kwa maneno yasiyo na mapambo. Kwa ile kubwa aliandika "nilikagua ubora wa data kwa zamu za usiku, sikushiriki uchambuzi wala uandishi." Sentensi hiyo ilimtoka kwa shida. Aliifuta mara mbili akairudisha. Tuliambatanisha uchunguzi wangu wa zile 20 kwa 20, na tukaomba kamati iwape makala tatu wasomaji wawili wa nje walio katika fani hiyo. Makala tatu tu, kwa sababu ukimpa msomaji kumi na mbili hatasoma hata moja.

Barua za wasomaji zilichelewa, ya pili ikachukua miezi mitano. Ya kwanza ilisifu. Ya pili ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ilikuwa na ukali wa mtu aliyesoma: ikasema makala yenye nukuu 17 ni bora kuliko yenye 58, kwamba katika ile ya 58 makisio ya umbali wa nyota yalifanywa kwa pupa, na kwamba yeye mwenyewe anaitumia programu ya saa katika kazi zake na hakujua aliyeiandika ni nani.

Kikao cha pili kilichukua saa mbili na nusu. Yule profesa makini alikuja na makala ya 58 imejaa alama za kalamu pembeni. Alikuwa ameisoma yote, na yeye ni mtu wa kemia. Akauliza kuhusu lile kisio la umbali. Mwombaji aliitwa ndani, akakiri kwamba msomaji ana haki na akaeleza angelifanyaje sasa. Kura sita kwa moja. Alipandishwa, miezi kumi na minne baada ya kuomba.

Sikuridhika na yote. Makala ya programu imehesabiwa nusu, kwa kigezo kwamba kanuni haina kifungu cha kazi za namna hiyo, na kanuni haijaguswa hadi leo. Nilipendekeza fomu iongezwe mistari mitatu chini ya kila makala ili mwombaji aeleze sehemu yake. Wamekubali mmoja.

Wiki iliyopita ameniandikia ujumbe kutoka Micheweni. Mtafiti mmoja asiyemjua alimwandikia kwamba programu inakosea kwa data za setilaiti mpya, saa inateleza kwa sekunde moja. Aliitafuta hitilafu hiyo usiku mbili, kwa bando la usiku maana la mchana ni ghali, akaikuta: ile sekunde ya ziada inayoongezwa mara moja moja kwenye saa za dunia, ilikuwa imesahauliwa. Ameirekebisha. Marekebisho hayo hayahesabiwi na ADS, wala Scopus, wala Google Scholar. Nimeuchapisha ujumbe wake na kuutia kwenye jalada, chini ya uzi wa kijani.